Risasi Ambazo Kaka Yangu Hakuzifyatua

Kaka yangu amefariki na mimi namlilia. Naliandika hilo kwanza, asije mtu akadhani haya mengine nayasema kwa sababu simpendi. Nampenda. Alinibeba mgongoni tulipotoka kwetu mashariki mwa Kongo, na miaka yote tuliyokaa kambini Kigoma ndiye aliyehakikisha nakula kabla hajala. Alitangulia kufika Marekani, na kitu cha kwanza alichonitumia kilikuwa viatu. Lakini baada ya kumzika, ndani ya kabati lake la nguo huko Houston, nilikuta jambo ambalo mpaka leo limekaa kati yangu na machozi. Kwa miaka kadhaa nilimtengenezea risasi kwa mikono yangu. Miaka hiyo hiyo alikuwa akinipigia simu kunieleza jinsi zilivyokuwa nzuri. Hakuwahi kufyatua hata moja.

Watu wa kanisani wakisikia habari ya risasi wananitazama vibaya, kwa hiyo nieleze tuliingiaje humo. Kaka alikuwa nesi. Siku moja alipita kwenye duka la rehani akaona bastola ndogo ya zamani, ya silinda, ile aina ambayo risasi zinakaa kwenye gurudumu linalozunguka. Ilikuwa imepakwa nikeli, mpini wake mweusi, nyepesi kama kijiko cha mchuzi. Bastola za namna ile zilitengenezwa zamani sana kwa risasi nyembamba, na chuma chake hakipendi kusukumwa kwa nguvu. Akainunua. Aliponionyesha nilirudi nyuma.

"Yaya," nikamwambia, maana kwetu ndugu mkubwa tunamwita yaya, "sisi na bunduki ni wapi na wapi?"

"Nataka nijue ni kitu gani kilitukimbiza," akasema. "Nimekimbia maisha yangu yote kitu ambacho sijawahi kukishika."

Nilimwelewa papo hapo. Alikuwa amekuja nayo kwangu Dallas, tukaenda wote kwenye uwanja wa shabaha, ule wa ndani ya jengo, na hatukumaliza hata muda tuliolipia. Mtu aliyesimama jirani yetu alikuwa na bunduki kubwa. Kila alipofyatua nilihisi sakafu ikipanda mpaka kwenye meno. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye gari. Baadaye kaka akaja akakaa upande wa pili, mikono ameibana katikati ya magoti. Tukatazamana tukaanza kucheka kama watoto waliovunja sufuria.

"Tumejaribu," akasema.

"Tumejaribu," nikasema.

Ingeishia hapo. Lakini pale ghalani ninapofanya kazi kulikuwa na mzee mmoja, Mmarekani mweusi, dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na siku moja wakati wa chakula nilimsimulia. Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema kosa letu ni kelele. Akasema mtu mwenye bastola ya zamani ya risasi ndogo hatakiwi kupiga kama mwanajeshi. Atengeneze risasi zake mwenyewe, nyepesi, za kutoboa karatasi tu, zisizochosha chuma wala sikio. "Njoo kwangu Jumamosi, Kongo," akaniambia. Hakuwahi kuniita jina lingine.

Nilienda. Alikuwa anakaa DeSoto, nje kidogo ya Dallas, gereji yake safi kuliko jiko langu. Akanifundisha kazi yote. Unaokota maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, unayasafisha, unayabana kwenye mashine ya mkono yarudi umbo lake. Chini unaweka fataki mpya, kile kidonge kinachowasha. Juu unamimina baruti iliyopimwa kwenye mizani, kidogo tu, kisha unakalisha kichwa cha risasi na kukiminya kidogo kisitoke. Vichwa vyake vilikuwa bapa mbele, kama kifuniko, kwa sababu kichwa bapa kinakata karatasi tundu la mviringo, safi kabisa, kama limetobolewa na mashine ya ofisini. Siku alipofyatua moja ili nisikie, nyuma ya shamba la mpwa wake, nilisikia sauti kama ubao ulioangushwa kwenye saruji. Hiyo tu. Sikushtuka. Nilisimama pale nikamfikiria kaka.

Nina shule ndogo, ya kambini, na nilizoea kudhani kazi ya mizani na vipimo si ya watu kama mimi. Mzee hakujali. Alichojali ni jambo moja. Baruti ya risasi nyepesi ni kidogo mno, inakaa chini ya ganda kama chumvi chini ya glasi. Ukisahau ukamimina mara ya pili, haimwagiki, haikupi dalili. Ganda linaipokea tu. Na bastola ya zamani ikipewa mara mbili inapasuka mkononi, mbele ya uso. Kwa hiyo maganda yote husimamishwa kwenye kibao chenye matundu, na kabla ya kuweka kichwa chochote unachukua tochi unatazama ndani ya kila moja. Mtu akikuita katikati ya kazi, unamwaga zote unaanza upya. Mke wangu alijifunza kutoniita.

Mzee alikuwa na sheria nyingine, na hii ndiyo iliyonitafuna baadaye. Siku nilipotengeneza risasi yangu ya kwanza kabisa nilimpa aifyatue yeye, kwa heshima. Aliigeuzageuza kwenye mwanga, akaikubali kwa kichwa, kisha akanirudishia kiganjani.

"Nzuri sana," akasema. "Piga wewe."

"Huiamini?"

"Naiamini. Lakini sipigi risasi ya mtu mwingine. Hata ya baba yangu nisingepiga. Na wewe usipige yangu. Mtu akikataa yako usinune, na wewe ukikataa ya mtu mwambie usoni. Ndiyo adabu ya kazi hii."

Haikuniuma hata kidogo. Nami nimekwisha kuwakataa watu, pale pale uwanjani. Mmoja alinipa kiganja kizima cha risasi zake nikamwambia asante, sipigi za mwingine, akacheka akazirudisha mfukoni, tukaendelea kuongea habari za mvua. Hakuna aliyekosana na mwenzake.

Basi kwa nini nilimtengenezea kaka? Nimejiuliza. Jibu ni rahisi: sikumhesabu kaka kama mtu mwingine. Sheria ile niliisikia vizuri na niliifuata kwa kila mtu, na haikunipitia kichwani kwamba inamhusu mtu aliyenibeba mgongoni.

Nilipata bastola yangu, karibu pacha wa ile yake, nikanunua mashine iliyotumika, nikaanza. Na kwetu huwezi kwenda kwa mkubwa wako mikono mitupu. Wenzangu wakienda Houston hubeba samaki wakavu, sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, unga wa muhogo. Mimi nilibeba hivyo pamoja na boksi moja au mawili ya risasi, yamefungwa kwa utepe wa gundi, nimeandika juu yake aina ya kichwa na baruti kama mzee alivyonifundisha. Mke wangu alinicheka.

"Wanaume wengine wanampelekea kaka yao mbuzi," akasema. "Wewe unampelekea vita."

"Si vita. Ni karatasi tu zinatobolewa."

"Mwambie hivyo polisi akikusimamisha."

Kaka aliyapokea maboksi kwa mikono miwili, kama inavyopokelewa zawadi. Aliinamisha kichwa kidogo. "Merci, mdogo wangu. Umeteseka na kazi ya watu, halafu bado unateseka kwa ajili yangu." Kisha aliyapeleka chumbani mwenyewe. Mara ya kwanza nilitaka twende wote uwanjani siku hiyo hiyo nikamwone anavyopiga. Alikuwa ametoka zamu, amechoka. Mara nyingine ilikuwa Jumapili na wageni wa kanisa wamejaa sebuleni. Mara nyingine mgongo. Kila mara alisema, "Nitaenda wiki hii, nitakupigia."

Na alipiga. Hapo ndipo penye uchungu wangu, kwa hiyo niseme sawasawa. Hakukaa kimya tu. Alinipigia simu akiwa kwenye gari, nje ya uwanja, nasikia milango ya magari nyuma yake, na alinieleza. "Leo zimekaa vizuri, mdogo wangu. Tano zimeingia mahali pamoja, ungefunika kwa kikombe cha chai. Na haziogopeshi. Unajua sasa siogopi tena? Nimesimama pale kama mtu mzima." Mimi nikiwa ghalani, nimejificha nyuma ya mapaleti ya mizigo ili msimamizi asinione na simu, nilikuwa nafumba macho kusikiliza. Niliifanya ile sauti ndogo. Niliitengeneza kwa ajili yake, ili kile kitu kilichotukimbiza kiwe kidogo, kiwe ubao ulioanguka kwenye saruji. Na yeye aliniambia imefanikiwa.

Alituma hata picha za karatasi. Sasa nikizitazama naona kila kitu. Matundu yake hayakuwa safi. Yalikuwa yamechanika pembeni, yana vinyuzi, kama kidole kimepita kwenye karatasi. Kichwa bapa hakifanyi hivyo. Kichwa cha dukani chenye ncha ya mviringo ndicho kinachofanya hivyo. Niliyaona wakati ule ule, si kwamba sikuyaona. Nikamwuliza.

"Yaya, mbona matundu yamechanika?"

"Labda ni karatasi," akasema. "Huku kuna unyevu."

Na mimi nikakubali. Nilijiambia Houston ni karibu na bahari, hewa ni maji matupu, karatasi lazima ilegee. Nikaanza kumwekea pakiti za kukausha unyevu ndani ya maboksi, zile zinazokuja na viatu. Nikabadilisha hata namna ya kuhifadhi baruti. Nikamweleza yote hayo kwenye simu, kirefu, na alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo, hiyo itasaidia." Safari iliyofuata akaniambia imesaidia.

Alifariki ghafla, moyo, alipokuwa ametoka kazini. Shemeji, mke wa kaka, alinipigia nikiwa njiani kwenda zamu. Sikumbuki nilivyogeuza gari. Nakumbuka tu barabara ya kwenda Houston, misonobari inaanza upande wa Huntsville, na mke wangu pembeni yangu ananiambia mara kwa mara nipunguze mwendo.

Msiba ulikuwa kwake. Viti vya kanisa vilijaa mpaka kwenye gereji, kina mama walipika, kwaya ikaimba. Mimi ndiye ndugu pekee wa damu aliyebaki huku, kwa hiyo watu walinijia mmoja mmoja, wananishika mkono kwa mikono miwili. Wengi walinijua. "Wewe ndiye yule wa Dallas," walisema. "Kaka yako alikuwa anakusifu sana." Nilikuwa nafurahi kusikia hivyo, katikati ya yote.

Tulipokwisha kuzika na wageni kupungua, shemeji aliniita chumbani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kitenge cha msiba begani.

"Shemeji," akasema, "ile bastola uichukue. Na mambo yake yote yaliyo kule juu. Sitaki vitu hivyo nyumbani na watoto."

"Nitachukua."

"Chukua leo."

Nilisimama juu ya kiti nikafungua sehemu ya juu ya kabati. Kilikuwepo kisanduku cha chuma chenye kufuli, bastola ndani yake. Pembeni, nyuma ya blanketi, yalikuwa maboksi yangu. Yamepangwa vizuri, moja juu ya jingine, mwandiko wangu unatazama mbele. Niliposhika la kwanza nilihisi ni zito. Nikashika la pili. Utepe wa gundi niliobandika mimi ulikuwa bado umeshika pande zote. Nikayageuza yote. Yote yalikuwa yamefungwa kama nilivyoyafunga. Na mbele yake, mahali ambapo mkono unafika kwa urahisi, palikuwa na maboksi ya dukani, mengine matupu, moja limebaki nusu. Vichwa vyake vya ncha ya mviringo.

Nilikaa juu ya kiti kile kile. Shemeji aliniona uso.

"Kuna nini?"

"Hakupiga zangu," nikasema. "Hakupiga hata moja."

Alitazama mlangoni, kisha akanitazama. Alijibu haraka. "Uwanja wa huku hawakubali za kutengeneza nyumbani. Walimkataza. Hakutaka kukuumiza, basi."

Kweli kuna viwanja vinavyokataza. Mimi mwenyewe nimepitia vile. Nilisema, "Angeniambia tu," lakini nilisema kwa upole, na yeye akasema, "Unamjua kaka yako." Tulilia kidogo pamoja. Nilipakia maboksi kwenye gari, nikamuaga, nikaanza safari na mke wangu.

Uwanja ule nilikuwa naujua kwa maelezo yake. Ulikuwa karibu na barabara yetu ya kurudi. Sikupanga kuingia. Nadhani nilitaka tu kuona mahali alipokuwa anasimama anaponipigia simu. Lakini nilipoegesha gari miguu ilinipeleka mpaka ndani. Kwenye kaunta kulikuwa na mama mmoja mzungu, miwani kwenye mnyororo. Nilimuuliza kama wanaruhusu mtu apige risasi alizotengeneza mwenyewe.

"Zako mwenyewe, kwenye bastola yako? Bila shida," akasema. "Kwa nini?"

Nikamwambia kaka yangu alikuwa anakuja pale, nesi, mwenye bastola ndogo ya nikeli, na kwamba amefariki. Uso wake ulibadilika. Alinipa pole ya kweli, akatoka nyuma ya kaunta. Alimkumbuka. Akasema alikuwa mtu wa utani, mwenye kusalimia kila mtu. Kisha, kwa nia njema kabisa, akanipa kumbukumbu.

"Alikuwa ananunua risasi zake hapa hapa. Alisema ana ndugu anayezitengeneza kwa mkono huko Dallas. Nikamwambia basi zilete tuzione. Akacheka. Akasema ana macho mawili tu na bado anayahitaji."

Alitabasamu akingoja nami nitabasamu. Nikatabasamu. Sijui nilifanyaje. Nikamshukuru nikatoka.

Mke wangu aliniuliza ndani ya gari, nikamwambia kila neno. Akasema, "Alisema kwa mzungu asiyemjua. Wewe hakukuambia." Alisema jambo ambalo nilikuwa nalizunguka. Ningeweza kuvumilia kwamba hakuniamini. Mzee wa foklifti hakupiga yangu pia, na tulibaki marafiki. Lakini kaka alilisema jambo lile kaunta, kwa mtu baki, likawa kichekesho, halafu akatoka nje, akaingia kwenye gari, akanipigia mimi na kuniambia haziogopeshi.

Nilimpigia shemeji pale pale.

"Shemeji, nimepita uwanjani. Wanaruhusu."

Nilisikia sufuria zinaoshwa nyuma yake.

"Ulienda kuuliza nini?" akasema.

"Ukweli."

"Ukweli wa marehemu utakupikia nini?"

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilimwambia mara nyingi, mwambie ndugu yako. Alikuwa anaogopa, basi. Yeye ni nesi wa dharura, ameona vidole, ameona nyuso. Akasema baruti si ugali, mtu akikosea hakuna kurudisha chunguni." Alivuta pumzi. "Na wewe ulikuja nazo zimefungwa na samaki, shemeji. Umeendesha gari asubuhi yote. Angeanzia wapi kukukatalia? Mbele ya watu? Mtu anakataa samaki?"

"Angenipigia simu. Alikuwa anajua kupiga simu."

"Alidhani utaacha kuja."

"Nisingeacha."

"Yeye alidhani utaacha."

Nilisema nitampigia tukifika.

Jumamosi iliyofuata nilifungua mlango wa gereji, hapa Cedar Hill, pembeni ya Dallas, nikaweka maboksi yote juu ya meza, nikachukua nyundo ya kuvulia vichwa. Ni nyundo ya plastiki yenye uwazi ndani. Unaweka risasi humo, unaigonga kwenye kigogo, kichwa kinatoka na baruti inamwagika ndani ya nyundo. Unaimimina kwenye mizani. Ni kazi ya kuchosha, mtengenezaji haifanyi ila pale anapojua amekosea mahali.

Mimi nilikuwa natafuta kosa. Sitaficha. Nilitaka nipate risasi moja yenye baruti mara mbili. Moja tu ingetosha. Nikiipata, basi kaka alikuwa sahihi. Alijua jambo kunihusu ambalo mimi silijui, na uongo wake ulimwokoa macho, na watoto wake walimwona baba yao mwenye uso mzima mpaka siku yake ya mwisho. Ningeiweka pembeni risasi ile, ningemwomba msamaha, ningemlilia kama inavyotakiwa. Niligonga kigogo kile nikiomba nipate. Nilijua ni maombi ya ajabu, mtu kuomba iwe kwamba alikaribia kumuua ndugu yake. Niliomba hivyo hivyo.

Zilikuwepo zenye upungufu kidogo, chembe mbili tatu za baruti, kitu ambacho karatasi isingejua. Vichwa vichache vilikaa upande. Kuna boksi la mwanzo kabisa ambalo nilikuwa nimebana midomo ya maganda kupita kiasi, nikaona aibu kulitazama. Lakini mara mbili hakuna. Mizani ilirudi pale pale, boksi kwa boksi. Mke wangu aliniletea chai, akaiweka mbali na baruti kama nilivyomzoeza.

"Umepata?"

"Bado."

"Unataka kupata?"

"Nataka."

Akanishika bega akarudi ndani.

Nilimaliza jua likiwa bado juu. Mezani kulikuwa na rundo la vichwa bapa, rundo la maganda, na bakuli la baruti ambayo haiwezi kutumika tena, kwa sababu imechanganyika na haijulikani ni ipi ni ipi. Baruti ya namna hiyo inatawanywa kwenye majani, mvua inaichukua. Niliitawanya nyuma ya nyumba, nikaosha bakuli, nikaosha mikono.

Shemeji alipiga jioni. Nilikuwa nimemwambia nitakachofanya; sikutaka kumficha. Aliniuliza habari za mke wangu, za kazi, akanieleza kwamba binti mkubwa ameanza kulala na mwanga umewashwa. Alizunguka. Kisha akauliza.

"Na zile risasi? Umezikuta vipi?"

Nilisikia sauti yake ilivyokuwa. Alikuwa anangoja kitu. Alikuwa anangoja nimwambie ipo moja, ili ajue mume wake alikuwa mwenye hekima, kwamba aliogopa jambo la kweli, na kwamba naye, aliponidanganya chumbani siku ile, alikuwa analinda jambo la maana. Lilikuwa neno dogo. Asingekuja kamwe kupima mizani yangu. Ningempa mjane usingizi, na mimi mwenyewe, pengine, baada ya kulisema mara kadhaa, ningeanza kuliamini.

"Zote zilikuwa nzima," nikasema.

"Zote?"

"Zote, shemeji. Nimefungua mpaka ya mwisho."

Nilimsikia akikaa mahali.

"Ungeweza kunidanganya kidogo," akasema.

"Ningeweza."

"Kaka yako angenidanganya."

"Najua."

Hakukata simu, nami sikukata. Tulikaa hivyo, kila mtu na pumzi zake, mpaka mtoto akamwita kwa Kiingereza kutoka chumba kingine na yeye akamjibu kwa Kiswahili kwamba anakuja.